Tulificha Chakula Pamoja, Akaninyima

Admin, jina langu usilitoe. Mimi ni mama wa miaka hamsini na saba, mwalimu mstaafu hapa Garissa, na mtu ninayemwandika anaishi nyumba ya nne kutoka kwangu. Nitamwita Hawa, ingawa si jina lake. Watoto wetu wamo humu kwenye ukurasa huu, kwa hiyo atakayehisi amenijua naomba anyamaze.

Mwaka ule wa mvua ya El Nino, Hawa alikuwa kwangu kama dada. Nilikuwa na watoto watatu, wa mwisho hajatimiza hata mwaka. Mume wangu alikuwa ameenda Hulugho kununua ng'ombe, njia zikajaa maji, akakwama huko. Kisha tukasikia barabara ya Nairobi imekatika na malori hayapiti. Siku hiyohiyo watu wakaivamia supamaketi ndogo iliyokuwa mjini. Sitajifanya malaika, na sisi tulikuwemo. Mwenye duka aliposema kila mtu pakiti mbili tu za sukari, mimi na Hawa tulibadilishana mitandio nje tukaingia tena, halafu tena. Tulibeba unga, mchele, mafuta ya taa, maziwa ya kopo, hata sabuni ambayo hatukuihitaji. Wanawake waliokuwa nyuma yetu walitoka mikono mitupu, na wallahi sikuwahurumia.

Nyumba yangu ilikuwa ya udongo na ilivuja kila pembe. Ya Hawa ilikuwa ya mawe na mabati. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema tuweke vyote kwake visilowe, mimi niwe nachukua kidogo kidogo. Nikakubali. Nilimwamini.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Ya pili akaanza kunipimia kwa kikombe huku akinung'unika kwamba watoto wangu wanakula sana. Ya tatu nilibisha hodi, akasimama mlangoni bila kunikaribisha.

"Vitu vyako vilikwisha, abaayo," aliniambia, bado akiniita dada kwa Kisomali. "Mimi pia nina watoto."

Nyuma ya bega lake nilikuwa nayaona magunia. Nilimtajia kimoja kimoja nilichonunua kwa mkono wangu, akafunga mlango. Kesho yake mchana nikamwona akiuza sukari kwa kikombe kupitia dirishani, kwa watu wa mtaa mwingine ambao hata hakuwajua.

Mtoto wangu mdogo akashikwa na malaria. Kuni zilikuwa zimelowa, mafuta ya taa sina. Nilimkorogea unga wa mwisho kwa maji baridi, akautapika. Nikambeba mgongoni nikarudi kwa Hawa kuomba kopo moja tu la maziwa. Alimtazama mtoto vizuri kabisa, kisha akaniambia niende kwa chifu.

Siku iliyofuata helikopta ya msaada ilitua uwanjani. Chakula kiliisha kabla sisi wa nyuma hatujafikiwa, na watu walikuwa wamechachamaa. Sikupiga kelele. Nilisema kwa sauti ya kawaida, lakini nilihakikisha nimesikika.

"Kuna nyumba imejaa chakula mpaka juu, na mwenyewe anauza."

Wakauliza ya nani. Nikawaonyesha.

Walifika kabla ya alasiri. Mlango waliung'oa. Hawa alikuwa na mimba ya miezi sita, akajaribu kuwazuia kwa mikono miwili, akaangushwa, watu wakapita juu yake. Niliona. Sikumwinua. Niliingia nikachukua makopo mawili ya maziwa nikatoka. Siku mbili baadaye mimba ikaharibika.

Hakujua ni mimi. Alimshuku wifi yake, dada wa mumewe, kwa sababu walikuwa wamegombana wiki hiyo. Mpaka leo hawasalimiani. Yule mama wa watu ameapa mara ngapi, na haaminiwi. Mimi nimekaa na wote wawili kwenye harusi na kwenye misiba, nimekunywa chai yao, nimenyamaza.

Msidhani namhurumia Hawa. Mwanangu alipona, lakini kila nikimwona huyu mwanamke akipita na tasbihi yake moyo wangu unakuwa jiwe. Akinisalimia naitikia kwa sababu dini inataka, basi.

Sasa wiki iliyopita alikuja nyumbani. Anakwenda Hija, anazunguka kuomba radhi kwa watu. Alikaa kwenye mkeka akanishika mikono, akakiri yote, magunia, dirisha, hata ile siku ya mtoto mgonjwa.

"Nilikudhulumu," akasema. "Mungu alinilipa palepale, akamchukua mtoto wangu. Nisamehe."

Miaka yote hiyo nilingoja kuyasikia maneno haya. Yalipokuja, nilitaka kumwambia kwamba aliyewatuma wale watu ni mimi. Na nisiwadanganye, nilitaka kumwambia ili aumie, si ili nitubu. Nikatoa mikono yangu kwenye yake, nikamwambia nahitaji kufikiri. Akatoka analia, na sasa mtaa mzima unasema mimi ndiye mwenye roho mbaya.

Ijumaa baada ya swala anarudi, safari hii na wanawake wazima wa mtaa. Jumapili anasafiri. Nikisema nimemsamehe nikanyamaza, atasimama Makka akimshukuru Mungu kwa radhi yangu, na wifi yake huku ataendelea kubebeshwa kosa langu. Nikisema ukweli, huenda asisafiri kabisa, na mimi sijui nitaishi vipi hapa. Tena moyoni bado sijamsamehe hata kidogo.

Tafadhali msiniandikie "samehe tu mama, ni mambo ya zamani." Hayo nimeambiwa na watu wasiojua nusu yake. Ninyi sasa mnajua yote. Nishaurini, akinishika mikono Ijumaa mbele ya wale wanawake, nimwambie nini?