Kishindo cha Mchi wa Feza

Feza hakuipenda kabisa ile mashine ya kusagia kahawa. Mumewe Zuberi, fundi cherehani, aliinunua mwaka wa uhuru wa Kongo kwa Mbelgiji aliyekuwa akiuza vyombo vyake arudi kwao.

"Bazungu banazungusha kahawa kama cherehani!" Feza alifoka. "Kahawa inatwangwa!" Akaisukumia uvunguni, akashika mchi wake.

Miaka minne baadaye waasi wakaingia Kisangani, na kishindo cha mchi kikawa balaa. Wenye bunduki walijua kinu kikilia, chakula kipo. Jirani alitwanga mpunga asubuhi moja tu. Wakaja wakabeba mpunga, kuku, hata kinu chenyewe.

Siku hiyohiyo Feza alipiga magoti, akaitoa mashine uvunguni. Akawa anaibana mapajani chini ya kikwembe alichojifunga kiunoni, akisaga polepole: kahawa ikiwapo, na isipokuwapo, mahindi. Haikusikika hata mlangoni. Zuberi aliona, akainamia cherehani yake.

Halafu vita vikaisha mjini. Asubuhi moja Feza akasikia ng'ambo ya barabara: tu! tu! tu! Ni yule jirani, ameazima kinu, anatwanga, na hakuna aliyemjia.

Feza akaipangusa mashine, akaiweka kabatini penye vikombe vya wageni. Kisha akamwaga kahawa yote kinuni, akatwanga mpaka mabati yakatetemeka.

"Mama, kahawa imeshakuwa unga," Zuberi alisema. "Sasa uko unatwanga nini tena?"

"Acha basikie!" Feza akajibu, machozi yakimtiririka, na mchi haukusimama.