Mama Valvu Akataa Kupiga Viazi

Katika chama cha mafundi bomba kulikuwa na mwanamke mmoja tu, na wenzake walimwita Mama Valvu. Jina hilo alilipata ujanani, siku aliyofunga valvu kuu kwa mikono mitupu huku wanaume wanne wakibishana spana iko wapi. Sasa alikuwa na miaka hamsini na mbili, mjane, akiishi na mama yake mzazi kwenye nyumba ya vyumba viwili, na akikupa mkono ulidhani umeshika kamba ya katani.

Kila mwaka chama kilikuwa na siku yake ya mashindano. Kila fundi alikuja uwanjani na mzinga wa upepo aliojitengenezea kwa vipande vya mabomba, akaujaza hewa, akauelekeza kwenye uwanja mtupu, akafyatua. Risasi ilikuwa kiazi. Ambaye kiazi chake kilifika mbali zaidi ndiye bingwa, na mwaka mzima watu walikoma kwa majigambo yake. Magunia mawili yaliteketea asubuhi moja. Mama Valvu naye alipiga viazi miaka mitatu mfululizo, na mara moja alishika nafasi ya pili. Hakuona ubaya wowote.

Ubaya aliuona mwaka wa nne. Watu walikuwa wameshatawanyika, yeye akarudi kuchukua spana aliyoisahau, akamkuta mfagiaji wa uwanja, mama wa makamo, ameinama kwenye majani anaokota vipande vya viazi na kuvitia kwenye aproni. Alipogundua anatazamwa, akacheka kidogo.

"Vya kuku wangu hivi," alisema.

Si zamani Mama Valvu alikuwa amemtengenezea bomba la jikoni. Nyumba ile haikuwa na kuku hata wa dawa.

"Kuku wanavipenda," alijibu, akapiga magoti akamsaidia kuokota.

Aliporudi nyumbani alimsimulia mama yake. Wote wawili walijua kinachowapita kichwani: mwaka ule mvua ilipogoma, Mama Valvu akiwa na miaka tisa, mama akisimama mlango wa nyuma wa hoteli kuomba maganda ya viazi. Aliyaosha maji matatu, akayachemsha, akawapakulia watoto. Yeye alionja chumvi tu, akasema harufu imeshamshibisha.

"Mwakani sipigi kiazi," Mama Valvu alisema.

"Utapiga nini?"

"Sijui bado. Ila si kitu cha kuliwa."

Kusema kulikuwa rahisi. Miezi miwili kabla ya mashindano alianza kujaribu kwenye kiwanja cha nyuma, mama yake amekaa kwenye kigoda kama hakimu. Mpira wa matambara ulifumuka hewani ukatua kama shati lililoponyoka kwenye kamba. Mche wa sabuni uliingia mzima ukatoka makombo. Sponji iliyolowa ilimrudishia maji yote usoni, na mama akacheka mpaka akashika mbavu. Kipande cha mti kingefika mbali kweli, lakini hicho alikiweka chini bila kukijaribu. Mchezo wa kupasuana vichwa hakuutaka.

Siku moja mama alikuwa anapukuchua mahindi. Akamrushia gunzi.

"Jaribu na hili."

Lilitoka likipepesuka, likaanguka hapo hapo.

"Jepesi, mama. Na hewa inapita pembeni."

"Basi lipe uzito, uzibe na hiyo njia. Wewe si fundi bomba?"

Mama Valvu aliona haya kidogo. Aliloweka magunzi kwenye ndoo kutwa nzima, kisha akayazungushia vipande vya tyubu ya baiskeli mpaka yakaingia kwenye bomba kwa kusukumwa. La kwanza lilikwenda limenyooka, likapiga ukuta wa mwisho wa kiwanja.

"Na hili analila nani?" mama aliuliza.

"Moto tu."

Siku ilipofika, alijitokeza na mzinga wake begani na ndoo ya magunzi mkononi. Mwenyekiti wa chama alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mtu wa tai hata kwenye jua kali.

"Shemeji, kanuni inasema kiazi," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Najua inavyosema. Naomba leo tuibadilishe."

"Kanuni haibadilishwi uwanjani. Chukua kiazi kama wenzako, au kaa pembeni. Usinitie aibu mbele za watu."

"Aibu ni hayo magunia mawili, shemeji."

Mafundi waliguna. Mmoja akasema huyu mama amezeeka vibaya. Mama Valvu alikaa pembeni, akatazama viazi vyote vikipasuka mpaka gunia la pili likalegea. Bingwa akatangazwa, watu wakapiga makofi. Ndipo akainuka, akasubiri uwanja uwe mtupu, akafyatua gunzi lake.

Halikuvunja rekodi. Alikokota futi yake mwenyewe, akapima mbele ya wote, na akaisoma namba kwa sauti: ukilinganisha na viazi, lilikuwa la nne.

"La nne," alirudia, "na hakuna aliyenyimwa chakula."

Wiki hiyo hiyo alipokea barua ya kusimamishwa uanachama mwaka mmoja. Chini yake aliandika kwa kalamu: Nimesoma. Magunzi yapo, anayetaka aje. Akairudisha ofisini yeye mwenyewe, ikiwa na mihuri yote ya chama.

Shemeji alimfuata nyumbani, akakaribishwa kiti na maji ya kunywa.

"Omba radhi tu, shemeji, nikurudishe. Hata maneno mawili."

"Nimwombe nani? Kiazi?"

Mama yake akacheka huko jikoni. Shemeji alijizuia, lakini tabasamu likamponyoka upande mmoja wa mdomo, akamalizia maji yake akaaga.

Radhi hakuomba. Mashindano yaliyofuata yalimkuta bado yuko nje ya chama, mwaka wake ukibakiza siku chache, kwa hiyo aliweka meza yake nje ya geti, ng'ambo ya barabara ambako mwenyekiti hakuwa na mamlaka. Mafundi wanne walivuka kuja kuchukua magunzi. Walipoingia nayo uwanjani, watatu walizuiwa wasipige. Wa nne alipiga kabla hajazuiwa, naye akapata barua yake. Kanuni ilibaki kiazi, na mwaka ule gunia moja lilirudi stoo likiwa nusu. Jioni Mama Valvu alikunja meza, akaikabidhi ndoo kwa yule fundi mwenye barua, wakaondoka wote wawili wakibishana gunzi linataka kulowekwa muda gani.