Mabua ya Mzee Masanja

Siku niliyoripoti kazini, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo nje kidogo ya Tabora, Mtafiti Mkuu hakuniuliza cheti. Alinipa jembe. "Binti, hapa bosi ni udongo," akasema. Nilikuwa nimetoka Kaliua na viatu vya kisigino. Nikavivua.

Nilipitia maabara, nikahamishiwa mbegu, mwishowe nikakabidhiwa jaribio la matandazo, yaani mabua ya mahindi yanayoachwa juu ya ardhi baada ya mavuno ili yatunze unyevu. Vitalu vingine tulivitandazia, vingine tukaviacha vitupu ili tulinganishe. Mbolea hatukutia popote, maana tulitaka kujua kazi ya mabua peke yake. Mkuu wa Kituo alishatamka kwamba msimu uliofuata usipotoa jibu, jaribio linafungwa. Nililipenda jaribio lile, sifichi.

Sasa, kwetu shamba likishavunwa, mabua ni ya ng'ombe wa yeyote. Hakuna anayeomba ruhusa. Mzee Masanja, mfugaji jirani, aliona tumevuna, akaleta mifugo. Mlinzi wetu, mzaliwa wa hapa hapa, akamfungulia lango na kumwamkia. Nilipofika, matandazo yote yalikuwa matumboni.

Mkuu wa Kituo alitaka kuita polisi. Nikamsihi aniachie, nikamfuata mzee kwake, nikamweleza. Aibu ilimshika.

"Mama, mtu anatunza mabua ya nini?" aliuliza, kisha akaahidi kurekebisha.

Nilishukuru, nikatandaza mabua mengine tuliyoomba vijijini. Nikasafiri kikazi. Niliporudi, mzee alikuwa ametimiza ahadi: alimwaga samadi kwenye vitalu vyote, akailima ndani kwa plau yake. Mlinzi alikuwa amemsaidia. Jamani, nililia. Nani tena angejua mahindi yamestawishwa na mabua au na samadi?

Na yalistawi kweli. Wageni walipiga picha, Mkuu wa Kituo akatia saini ya kulifunga jaribio.

Nimestaafu, nalima kwangu. Vijana watafiti wakinitembelea nawaambia wawaamkie majirani kwanza, udongo wataupima baadaye. Wanaitikia tu, wana haraka.

Mzee sina kinyongo naye. Siku ya kuvuna alikuja, akapita katikati ya mahindi akiyashikashika, uso umemkunjuka.

"Mama, mwakani niwaletee tena?"

"Lete, mzee wangu," nikamjibu. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba mwakani hakuna.