Samaki Anayelala Mchangani

Mjomba wangu alikulia Tanzania, na tangu arudi Rwanda anachokikumbuka zaidi ni bahari. Ndiyo maana sebuleni kwake hapa Nengo, mwendo mfupi tu kutoka ziwa lisilo na chumvi, kuna tangi la kioo lenye maji ya chumvi, mawe na matumbawe aliyoagiza kutoka Dar. Likizo hii kazi ya kulisafisha ilikuwa yangu. Niliipenda, kwa sababu samaki hawaulizi mtu kwa nini hasemi.

Tangi halikuwa na mchanga. Chini kulikuwa na kioo kitupu, safi kama sakafu iliyopigwa deki. Mjomba alinieleza kwamba mchanga huficha mabaki ya chakula, yakaoza, matumbawe yakaugua; kwenye kioo kila uchafu unaonekana. Nilimwelewa. Lakini alipoleta samaki mdogo wa njano, mwembamba kama kidole, kila ilipokaribia saa kumi na mbili jioni samaki yule alianza kupiga kichwa chini. Anapiga, anapanda, anapiga tena. Siku ya tatu mdomo wake ulikuwa umechubuka. Nilisoma kwenye simu kwamba samaki wa aina yake hulala wamejifukia mchangani, na kwamba akiendelea hivyo atakufa.

Nilishindwa kumwambia mjomba. Nikamwambia binamu yangu wa Goma, ng'ambo tu ya mpaka, aliyekuwa hapo likizo kama mimi; namwita yaya, yaani mkubwa wangu, kwa kuwa amenizidi miaka minne. Alinicheka.

"Juu ya nini unalia? Muchanga iko mingi ku ziwa, ya bure."

Bon, tukaenda na ndoo. Tuliuosha mchanga mara saba, tukaumwaga tangini mjomba akiwa kazini. Samaki alizama humo mara moja. Nikaona jicho moja tu. Furaha yangu iliisha mjomba alipochukua sumaku yake ya kusugulia kioo. Sisi tunaoishi chini ya volkano tulisahau mchanga wetu umetoka wapi. Chembe nyeusi za chuma ziliirukia sumaku zikasimama kama ndevu, naye alipoivuta, kioo kikachorwa mstari mrefu.

Hakufoka. Aliuliza tu ni nani, na yaya akanitazama mimi, kisha akamweleza kwamba samaki yule hulala mchangani. Tuliutoa mchanga wote.

"Tangu lini samaki akatandikiwa kitanda?" mjomba alisema, akikunja mikono ya shati.

Sijui maneno yalitoka wapi.

"Si wewe mjomba unayeniambia kila asubuhi nalala kama pono? Pono si samaki?"

Yaya aligeukia dirishani kuficha kicheko. Mjomba alinitazama kana kwamba tangi ndilo lililosema, na masikio yangu yakawaka moto. Mwishowe akasema sawa: mchanga kidogo, usiogusa kioo cha tangi, usio na chuma hata chembe. Kama nikiweza.

Kesho yake nilikaa barazani na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, nimeifunga kitambaa. Nilipitisha, nikapangusa, nikapitisha tena, mpaka mgongo ukauma. Sikuwahi kujua tunakanyaga chuma kingi hivyo. Chembe nyingine zilimetameta kama vioo lakini sumaku haikuzitaka. Nilizitenga kiganjani nikabaki nazishangaa, hadi yaya akauliza kama natafuta dhahabu. Mchanga uliobaki ulijaza bakuli la kioo la kachumbari.

Jioni tulilishusha bakuli katikati ya tangi. Samaki alipita juu yake mara mbili, kisha akaenda kupiga kichwa palepale alipozoea. Akapiga tena. Kisha akazunguka jiwe, labda kwa kukosea njia, akaingia bakulini kichwa kwanza. Mkia ukatikisika, mchanga ukatulia.

Mjomba aliinama mpaka pua ikagusa kioo.

"Anapumuaje humo?" akaniuliza.

Alivuta kiti, akanisogezea na mimi kimoja.