Turbo kwa Fedha za Nguzo

Abdiel Irizarry alikuwa akisambaza mitungi ya gesi katika mji wetu wa kisiwani, Guayanilla, na mitaa ya mlimani, lakini hakuna aliyemwita muuza gesi. Alijulikana kwa Mazda yake nyeupe ya milango miwili, ile yenye injini ya mzunguko isiyo na pistoni, inayolia kama nyuki waliochokozwa. Aliinunua ujanani ikiwa imeliwa na kutu, akaifufua kipande kwa kipande. Jumapili aliipeleka Salinas kwenye uwanja wa mbio, robo maili iliyonyooka, magari mawili mawili, anayeshindwa anafunga virago.

Zamani alishinda. Miaka ya karibuni kila gari lililosimama ubavuni mwake lilikuwa limefungwa turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe na kuishindilia hewa kifuani, naye akabaki kuzitazama taa zao za nyuma. Wenzake walimuuliza kama leo amekuja kushindana au kuuza gesi. Alicheka nao. Hakuwa na haja ya turbo. Gari lilikuwa starehe yake tu.

Kisha ardhi ikatetemeka, Januari ile, ikatetemeka wiki baada ya wiki. Nyumba yake ilisimama juu ya nguzo za zege kama nyingi za kwetu, na nguzo zikapasuka kutoka juu hadi chini. Nyumba haikuanguka. Ilibaki imesimama pale kama mlevi aliyeshika ukuta, na hakuna aliyethubutu kulala ndani. Abdiel akapiga hema uani, yeye, mkewe Nereida, na mama mkwe wake, bibi tuliyemwita doña Provi, ambaye mapafu yake yalikuwa mabovu tangu zamani. Mvua iliponyesha, mimi jirani yao nilimsikia bibi akikohoa ng'ambo ya ukuta, nikazima redio, sijui kwa nini. Daktari aliwaambia wazi kwamba bibi yule hawezi kukaa hemani msimu mwingine wa mvua.

Fedha za msaada wa tetemeko zilipokuja, zilitosha nusu ya nguzo. Mkandarasi alikataa hata kushika sepeto. Nyumba, alisema, haisimami kwa mguu mmoja. Benki ilikataa. Kaka yake wa Pennsylvania aliacha kupokea simu.

Ndipo yakatangazwa mashindano makubwa ya Oktoba, na zawadi ya mshindi ilikuwa inatosha kumaliza nguzo zote na paa juu yake. Abdiel akaenda kwa Chegui, fundi wake wa siku zote. Chegui aliinamia injini muda mrefu, akajifuta mikono.

"Turbo nitakufungia. Ninayo ya mtumba, nzima kabisa. Lakini injini hii imezeeka, kaka. Ukimshindilia mzee hewa namna hiyo, atakimbia, tena sana. Halafu atakufa."

Abdiel akauliza angekufa baada ya mbio ngapi.

"Mimi fundi, si mganga."

Kuifanya kazi ipasavyo kulitaka injini ifunguliwe yote na kusukwa upya, pampu kubwa ya mafuta, na kifaa cha kupoza hewa ya turbo. Gharama hiyo hakuwa nayo hata angeuza lori la gesi, na lori halikuwa lake. Akaomba afungiwe turbo peke yake kwa mkopo, wagawane zawadi. Chegui alisema kazi ya mikono atasubiri, ila vifaa vilipiwe kwanza. Alikwisha kulizwa na marafiki wengi. Kwa hiyo zilibaki fedha za nguzo tu.

Alizunguka na jambo hilo siku kadhaa bila kula, akishusha mitungi kwenye nyumba ambazo hazikuagiza. Mwishowe alimwambia Nereida, mkewe alipokuwa akianika nguo. Nereida alilichukia gari lile. Alikuwa akiliita mke mwenzangu, na kwa kweli hakuwa akitania. Abdiel alikiri kwangu baadaye kwamba alimwambia ili akatazwe. Alitaka apigiwe kelele, aitwe mwendawazimu, jambo liishe.

Nereida alikamua shuka mpaka halikutoa tone.

"Nusu ya nguzo inabeba nini?" akauliza.

"Haibebi kitu."

"Basi zile ni karatasi tu. Kafunge."

Tulikwenda Salinas wote, isipokuwa doña Provi. Mbio ya kwanza Mazda ilichomoka kwa namna ambayo waliozoea kumtania walisimama na chupa zao mikononi. Ya pili na ya tatu akashinda pia. Lakini kila aliporudi, mshale wa joto ulikuwa umepanda zaidi, na Chegui alimwaga maji kwenye rejeta. Kabla ya fainali akatoa la moyoni. Alimshauri apunguze msukumo wa turbo. Atashindwa kwa heshima, na injini itabaki hai.

Abdiel alikuwa akifunga helmeti. "Heshima haizuii mvua," akasema.

Mpinzani wake alikuwa daktari wa meno kutoka Caguas, mama mpole mwenye gari la bei ya nyumba tatu. Waliondoka pamoja. Kufika katikati Abdiel alikuwa mbele, tena mbele waziwazi, na Nereida alinishika mkono akaniumiza. Kisha mlio ukabadilika. Abdiel anasema aliusikia kabla yetu, mgongano mdogo kama kokoto ndani ya kopo, na alijua kwamba akiinua mguu kwenye kanyagio la mafuta injini itapona. Hakuinua. Moshi ukafunika uwanja, na Mazda ikapita mstari ikijikokota kwa nguvu iliyobaki, ya pili.

Mshindi wa pili alipewa kikombe na tairi mbili.

Kurudi, Nereida ndiye aliyeendesha gari lililokokota trela yenye Mazda. Hakumlaumu, siku ile wala baadaye, na Abdiel alisema afadhali angempiga. Novemba dada yake Nereida alikuja kumchukua mama yao kwenda kuishi naye Rochester, kwenye theluji. Doña Provi aliondoka amevaa koti la kuazima, akishika mlango wa gari na kukataa kuuachia, mpaka Nereida akambandua vidole kimoja kimoja. Hajarudi.

Mazda ilinunuliwa na yule daktari wa meno, bila injini; alihitaji bodi. Kwa fedha hizo na malipo ya kazi aliyofanya Jumapili zote, Abdiel alijenga chumba cha mbao na mabati, kifupi, kilichokaa chini kabisa, kando ya nyumba iliyopasuka. Ndimo wanamoishi. Deni la Chegui alilimaliza kwa gesi, mtungi kwa mtungi.

Juzi nilikuwa kwao tukila wali na maharage, nikamuuliza jambo ambalo mtaa mzima umetaka kuuliza: angerudi nyuma, angeifunga turbo tena?

Aliweka kijiko chini. "Usiniulize hivyo mbele ya mke wangu."

"Angeifunga," Nereida akajibu, akimwongezea maharage. "Na mimi ningemwambia kafunge. Tungefanya nini kingine?"

Nikamsogezea sahani yangu, akaniongezea na mimi. Tukaendelea kula.