Presha ya Mama ilishuka, tukashangilia, nusura tumzike

Wakuu salaam. Waliotutangulia kwa umri, shikamooni.

Haya ninayoandika yametokea nyumbani kwangu, Olasiti, hapa Arusha. Sikuhadithiwa, nilikuwepo. Mwenye kubisha abishe, ila asome kwanza mpaka chini.

Mama yangu ni Mmeru, mkulima wa kahawa na migomba huko mlimani. Ana presha ya miaka mingi, na figo zilishaanza kuchoka. Tukamleta kwangu awe karibu na hospitali.

Presha yenyewe ilikuwa kaidi balaa. Dawa aina tatu, anameza kweli, chumvi kaacha, bado ukimpima unatamani kukitupa kile kipimo.

Juu ya hapo potasiamu mwilini ilikuwa inashuka hovyo, misuli inamkaza usiku kucha. Daktari wa kwanza akasema ale ndizi. Basi dada yangu Anasia, tunayeishi naye, akawa anamletea ndizi mbivu kila akipita sokoni. Pale nyumbani tukaziita "ndizi za dawa".

Baadaye tukampata daktari mwingine, mama mmoja mpole, bingwa wa figo, mtu wa Tanga. Akasema presha ya namna hii huenda inaletwa na homoni. Akampima damu, kweli bwana.

Kuna vitezi vidogo vimekaa juu ya figo. Vya Mama vilikuwa vinamwaga homoni kupita kiasi, mwili unang'ang'ania chumvi na kutupa potasiamu. Ndiyo maana zile dawa zote zilikuwa zinapigwa chenga.

Akamwanzishia dawa ya kuizuia hiyo homoni. Ila akatukazia macho:

"Hii inapandisha potasiamu, na figo za mama hazina nguvu ya kuitoa. Ikizidi, moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo ndizi sasa basi, na wiki ijayo mnamrudisha tupime damu."

Ndiyo daktari, ndiyo daktari. Tuliitikia kama watoto wa Sunday school.

Wakuu, presha ikashuka! Mama akaanza kuimba kwaya huku anafagia uwanja. Siku ya kurudi kupima ilipofika, akagoma.

"Nikapimwe nini na nimepona? Mnataka tu kunitoboatoboa."

Anasia naye akamuunga mkono, eti tumwache apumzike. Mimi hasira zangu ziko karibu, nikamfokea Anasia mpaka jirani akachungulia. Mama akanijibu kwa Kimeru neno ambalo nikiliandika humu mods watafuta uzi. Basi, siku hiyo hospitali hatukwenda.

Kesho yake asubuhi Mama akashindwa kunyanyuka kwenye kiti. Miguu haimtii. Anasema moyo unapiga, unanyamaza, unapiga tena.

Nikamshika mkono. Mapigo yanakwenda taratibu mno. Aisee, niliogopa.

Jirani akatoa gari. Njiani Mama kaniegemea begani, ananiambia, "Mwanangu, lile shamba msije mkaliuza." Nililia, sioni aibu kusema.

Hospitali wakampima moyo. Daktari wa zamu alipoitazama ile karatasi, uso ukambadilika. Dripu, sindano, watu wanakimbizana. Tukaambiwa potasiamu iko juu vibaya, na isiposhuka atapelekwa kusafishwa damu.

Yule bingwa wetu akafika mbio. "Mama, si nilisema ndizi basi?"

Mama, kalala hajiwezi, akapandisha hasira: "Ndizi nimekula lini mimi? Tangu uliposema sijagusa! Waulize wanangu."

Na ni kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa tayari kuapa.

"Sasa mnampa nini?"

Anasia akajibu kwa kujiamini kabisa: "Mtori tu, daktari. Asubuhi na jioni. Si ndiyo chakula cha mgonjwa?"

Daktari akashika kichwa.

Jamani, mtori ni ndizi! Ndizi za kupika, zimechemshwa na nyama zikapondwa. Nani Arusha hajui? Lakini nyumbani kwetu "ndizi" zilikuwa zile mbivu za dawa, na mtori ni mtori. Hakuna aliyemdanganya daktari. Tulimtii, na Mama alikuwa anakufa.

Mungu mkubwa, alasiri ile moyo ukatulia, hatukufika kwenye kusafishwa damu. Dawa ikasimamishwa, baadaye akarudishiwa dozi ndogo, na siku hizi kupima damu hakuna mjadala. Presha iko vizuri. Anatugombeza kama kawaida.

Nilichojifunza: ukiambiwa acha kitu, mtajie daktari kila kinachopikwa kwenu kwa jina lake la nyumbani. Na dawa ikifanya kazi ndiyo uende ukapime, usijipe uponyaji. Mimi si daktari, msije mkabadilisha dawa za wazazi kwa sababu ya uzi huu.

Anasia bado hajakaa sawa. Ule mtori wa mwisho, Mama alipochoka kushika kijiko, yeye ndiye alimlisha, anampulizia upoe, anambembeleza amalize bakuli.

Haya wakuu, kwenu mgonjwa anapikiwa nini? Andikeni jina, halafu mseme ndani yake mna nini.