Nyumba ya Matofali Yaliyokataliwa

Nilikwenda Bunia kusema neno moja tu, na neno hilo halikuwa langu. Baba, ambaye magoti yamemfunga nyumbani hapa Mahagi-Port miaka mingi sasa, alinituma nikaseme "ndiyo" kwenye kikao cha familia. Mdogo wake, Baba Mdogo Tomasi, alikuwa amepata tajiri wa kununua nyumba ya babu iliyoko kartie, yaani mtaa, ya Nyakasanza. Tajiri huyo angeibomoa ajenge etaje, nyumba ya ghorofa. Baba ndiye mkubwa, na kwetu neno la mkubwa likisemwa na mtoto aliyemtuma, mambo yamekwisha. "Nyumba imezeeka, itaangukia bantu," aliniambia, akirudia maneno ya mdogo wake kwamba itaua watu. Mimi ni mwalimu wa darasa la sita na kazi yangu ni kusahihisha, lakini baba hasahihishwi. Nikafunga mzigo. Ndani ya nyumba hiyo anaishi shangazi yangu Veronika tangu alipofiwa na mumewe. Katika mazungumzo yote ya kuuza, hakuna aliyetaja jina lake.

Alhamisi alfajiri tuliondoka kwa mtumbwi wa injini, tumekaa juu ya magunia ya mihogo, tukashuka kusini kandokando ya Ziwa Albert. Milima ilikuwa kulia kwetu siku nzima. Mama mmoja mchuuzi wa samaki aliniuliza ninaenda Bunia kufanya nini. Nikamjibu kwamba naenda kuona nyumba.

"Bunia iko na nyumba gani ya kuona?" akacheka. "Kule iko paka vumbi na taksi-moto. Na vita."

Maneno yale, kwamba kuna vumbi, pikipiki za abiria na vita tu, yalinikera kuliko maji yaliyokuwa yakiniingia viatuni. Kila mtu akiitaja Bunia hutaja waliokuja kuigombania, kana kwamba kabla yao hapakuwa na mtu aliyechanganya udongo na kupanga tofali juu ya tofali.

"Ule muji, mama, bantu njo balijenga," nilimwambia, yaani watu ndio walioujenga. Alinitazama, akanipa kipande cha muhogo, tukaacha hayo.

Kasenyi tulifika jioni. Nililala kwa mwalimu mwenzangu, na asubuhi nguo zangu zote zilinuka samaki wa kukausha.

Ijumaa nilipanda taksi-moto, mimi nyuma na ndoo ya samaki wa mtu mwingine katikati, tukaanza kupanda mlima kuelekea Bogoro. Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, askari alishika kitambulisho changu akaniuliza sababu ya safari.

"Nyumba ya babu yangu, iko Bunia."

"Unaenda kuiuzisha?"

Alinirudishia kitambulisho, akanyanyua kamba. Swali lake lilipanda nami mpaka juu.

Saa sita mchana nilikuwa Nyakasanza. Nyumba ya babu ni nyeusi. Watoto wa mtaa huiita nyumba ya masizi. Babu alikuwa fundi wa kujenga enzi za Wabelgiji, na tanuru ya matofali ina tabia yake: yale yanayokaa karibu sana na moto huungua, hugeuka meusi, magumu kama chuma, na kupindika kidogo. Kapita, yaani msimamizi wa kazi, aliyatupa pembeni kwa sababu hayakupendeza macho ya wazungu. Babu aliyabeba kichwani jioni baada ya jioni, na kwayo akajenga nyumba yake.

Shangazi hakuniuliza habari za safari. Aliniletea nyundo na msumari.

"Balikuambia nyumba inaanguka, njo vile? Pigilia hapa."

Nilipiga mara mbili na msumari ukajipinda. Nikajaribu mwingine chini zaidi, nao ukajipinda. Shangazi aliiokota yote miwili akaiweka mfukoni, maana yeye hatupi kitu.

"Kesho, mbele ya kusema maneno ya baba yako," alisema, "tutatembea."

Jumamosi tulitoka jua likiwa bado la kirafiki, shangazi mbele na fimbo yake, tukaingia barabara kuu, boulevard ya Libération. Taksi-moto zilitupigia honi kushoto na kulia. Yeye hakuipisha hata moja. Alinionyesha maduka ya zamani yenye baraza ndefu na nguzo nene, ambayo sasa yamejaa magodoro na simu. Alinionyesha nyumba za mabosi wa zamani, zenye paa za mteremko mkali na mabomba ya moshi, kwa kuwa Bunia iko juu na wazungu walisikia baridi. Kisha, mbele ya duka moja kuukuu, akainama upande wa kushoto wa mlango, kwenye kimo cha goti, akaanza kukwangua kwa ukucha.

Mlinzi akasogea. "Mama, unatafuta nini kwa ukuta ya bosi?"

"Natafuta baba yangu," akajibu, bila kuinua kichwa.

Alimpata. Kati ya matofali mekundu, moja lilikuwa jeusi na limepinda kidogo. Hapo ndipo aliponieleza. Katika kila ukuta aliokabidhiwa, babu aliingiza tofali moja la yale yaliyokataliwa, kushoto kwa mlango, chini ambako macho ya kapita hayakufika. Hakujua kuandika jina lake. Siku kapita alipogundua, babu alikatwa mshahara wa wiki nzima. Wiki iliyofuata akaweka jingine.

Nilipiga goti pale vumbini, mimi mtu mzima na sketi yangu ya kanisani, nikaligusa. Sioni haya kusema kwamba machozi yalinitoka. Mlinzi naye aliinama akatazama, akasema amelinda ukuta ule miaka mingi na hakuwahi kuliona.

Tuliendelea hivyo mpaka mchana. Kwenye ofisi moja yenye matao matatu tulilikuta. Kwenye nyumba iliyofuata ukuta wote ulikuwa umepakwa rangi ya tangazo la simu, tukakwangua mpaka tukafukuzwa. Mahali pengine lilikuwepo jeusi lakini kulia kwa mlango. Nikamuuliza shangazi kama hilo nalo ni la babu, akasema hajui, pengine kulikuwa na fundi mwingine mwenye kichwa kigumu. Kule Mudzipela, kwenye kanisa la misheni, tulizunguka mlango wote bila kuona kitu.

"Hapa alimuogopa Mungu?" nikamtania.

"Hapana. Hapa padri hakukatalaka tofali hata moja. Ile nyeusi yote baliitia mu fondasio, chini mu musingi."

Njiani kurudi ndipo nilipoanza kusoma kuta nyingine. Bunia, kama mwenye nyumba anaogopa ndugu zake, huandika ukutani kwa herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZISHWI. Unaweza kwenda sokoni asubuhi ukarudi ukamkuta mtu anapima kiwanja chako, ameuziwa na kaka yako. Nilimuuliza shangazi kwa nini yeye hajaandika.

"Ukuta haiko yangu. Mi ni mwanamuke, niliolewa. Niko nakaa tu kwa huruma ya bakaka."

Nilisimama katikati ya njia. Nikamwambia kile ninachowafundisha watoto wa darasa la sita: katika sheria ya Kongo, mtoto wa kike na wa kiume wana haki sawa kwenye mali ya baba yao. Bila sahihi yake mbele ya shefu, yaani mkuu, wa kartie, tajiri hanunui kitu.

"Nani anajua ile?" akauliza.

"Baba Mdogo anajua. Njo maana hakukuita ku kikao."

Mpaka nyumbani fimbo yake iligonga ardhi kwa nguvu zaidi.

Jumapili, baada ya misa ya pili, Baba Mdogo Tomasi alikuja na kreti ya soda kufanya kikao pale pale sebuleni, ingawa shangazi hakualikwa. Ni mtu mcheshi, na alinikumbatia kwa upendo wa kweli. Nilisimama.

"Baba yangu anasema ndiyo," nikasema. Nilitumwa, nikafikisha. Baba Mdogo akafungua soda ya kwanza. "Sasa tumusikilize na shangazi," nikaongeza.

"Shangazi anaingiaje mu parsele, mu kiwanja ya baba yangu?"

"Ni baba yake pia."

"Weye unatuletea masomo hapa? Siye ni batoto ya shule?" Akageukia dada yake, sauti ikalainika. "Dada Vero, utatafutiwa chumba nzuri, ya sementi."

Shangazi aliweka mezani misumari miwili iliyopinda.

"Mi sikubali."

"Haukubali nini?"

"Kuuzisha. Sikubali, na sitasinya karatasi yake. Ule tajiri etaje yake akaijenge kwao."

Baba Mdogo alitazama misumari, akatazama ukuta, akaondoka na soda yake haijafika nusu. Kiburi kilinijaa kifuani, na mpaka leo sijakitubu.

Jumatatu tulinunua kopo la rangi nyeupe, nikaandika kwa mwandiko wa ubaoni maneno yale yale ya kuta nyingine. Rangi haijakauka, wakafika makomisioneri wawili, madalali wa viwanja, kuuliza bei.

"Hamujui kusoma?" shangazi akawauliza.

"Tunajua, mama. Mahali banaandika vile, kunakuwaka mutu anataka kuuzisha. Njo tumekuja."

Aliwafukuza kwa fimbo, nao wakaenda wakicheka.

Nilirudi kwa njia ile ile, mlima, Kasenyi, ziwa. Nimejifunza kwamba mji husomwa ukiwa umeinama, kwenye kimo cha goti, na anayesema Bunia haina cha kuona aje nimtembeze mimi, kwa miguu, mpaka aombe maji. Tena nimejifunza kwamba mtu anaweza kuishi ndani ya haki yake miaka mingi akidhani ni sadaka.

Baba alinisubiri mlangoni. "Ulisema vile nilikutuma?"

"Nilisema, baba. Kisha shangazi alisema hapana."

"Hajaniambiaka hapana hata siku moja."

"Hamukumuulizaka."

Alininunia siku tatu. Chakula nilichopika alikula akiwa amenigeuzia mgongo. Siku ya nne aliomba simu, akampigia dada yake, na nikiwa jikoni nilimsikia akimuuliza, kwa sauti ya mtu anayejaribu njia asiyoijua, "Vero, weye mwenyewe unataka nini?"

Alikaa na simu sikioni muda mrefu, akisikiliza.